Majina Mlangoni

Kijiji kinaandikwa Eyam, lakini ukiuliza njia huko Derbyshire, sema Iim. Niliingia asubuhi ya manyunyu. Nyumba za mawe zimeshikana bega kwa bega kando ya barabara, na watu wanaishi humo hadi leo.

Jirani na kanisa nilisimama mbele ya kibao chenye majina. Humo aliishi Mary Hadfield na mumewe wa pili Alexander, wanawe Edward na Jonathan, na fundi wa nguo, George Viccars. Inasimuliwa kwamba fundi alipokea vitambaa kutoka London vikiwa na unyevu, akavianika karibu na moto, na viroboto wenye tauni wakaamka. Alikufa Septemba 7, 1665. Wakafuata Edward, Jonathan, na mwakani Alexander. Mary peke yake akabaki, akiwa amezika jamaa 13. Nyumba ya pili, kibao kingine: watu tisa wa ukoo wa Thorpe, wote wamekwisha. Nilisoma jina moja moja kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefika msibani.

Juni 1666 mchungaji William Mompesson, akisaidiwa na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwaomba wanakijiji wasitoke, wasije wakawapelekea majirani maradhi. Wakakubali. Chakula kiliachwa mpakani; hela za malipo wakazitia kwenye vishimo vya jiwe, ndani ya siki. Nilitia kidole katika kishimo kimoja: mdomo wake umelainika kabisa. Catherine, mke wa mchungaji, alifariki Agosti hiyo.

Jumba kubwa la hapa, Eyam Hall, lilijengwa na akina Wright miaka ya 1670, tauni ikiwa imekwisha. Ni zuri, lakini sikukaa. Miguu ilinipeleka nje ya kijiji, hadi ukuta wa duara uliozunguka makaburi ya akina Hancock. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita kwa mikono yake ndani ya siku nane. Sijaona nyumba ya kifalme iliyonishika moyo kama uwanja ule mdogo wa majani.

Tauni iliua watu wapatao 260. Ukifika Eyam, usipite mbio ukiwahi jumba la matajiri. Simama kwenye vijumba, usome majina yote, kisha uwapishe wenye nyumba waingie kwao.