Kidole cha baba na mpini wa kontena la taka

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafua uani niliposikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa karibu tangu nikiwa shule ya msingi: tik, tik, tik, tik. Niliacha nguo kwenye beseni nikatoka mbio, mikono ikiwa bado na povu.

Mwisho wa mtaa wetu kuna kontena kubwa la taka, yale ya chuma yanayobebwa na lori. Mwanangu wa miaka sita alikuwa ananing'inia kwenye mpini wa mlango wa nyuma wa kontena hilo kama anayebembea. Mwenzake alikuwa amemshika miguu ili amuongezee uzito. Wa tatu, mkubwa wao, alikuwa ameinama anachokonoa chuma kidogo kilicho pembeni ya mpini kwa kijiti.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Majirani wanasema nilipiga yowe kama aliyeona nyoka. Nilimnyakua mwanangu, yule mwenye kijiti akakimbia, na mimi nikakaa chini palepale kwenye vumbi, magoti yakiwa hayana nguvu.

"Mama, tulikuwa tunacheza tu," mwanangu alisema. "Inalia kama saa."

Nilijua inavyolia. Sauti hiyo ndiyo iliyotulisha nyumbani kwa miaka saba. Ndiyo pia iliyochukua kidole cha baba yangu.

Baba alikuwa utingo wa lori la taka hapa Dar es Salaam. Alikuwa akitoka nyumbani Temeke kabla ya adhana ya alfajiri, na kurudi jioni akiwa na harufu ambayo sabuni ya mche haikuweza kuimaliza. Kazi yake ilikuwa kupakia, kufunga mlango wa kontena, kusimama nyuma ya lori mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, kisha kuufungua mlango ule ili taka zimwagwe.

Kufunga na kufungua mlango kulifanywa kwa mkono, kwa chombo ambacho yeye na mafundi walikiita racheti. Nikiwa mtoto nilidhani ni jina la kidude fulani cha ajabu. Kumbe kila mwenye baiskeli anayo moja kwenye gurudumu la nyuma.

Ukiacha kupiga pedali, baiskeli inaendelea kwenda na gurudumu linalia trrrr. Ukipiga pedali mbele, gurudumu linashika na kusukuma. Ndani kuna meno yaliyolala upande mmoja na vidude vidogo vya chuma mfano wa ulimi. Upande mmoja ulimi unaruka juu ya meno, ndiyo maana unasikia mlio. Upande wa pili ulimi unaingia kati ya meno na kukwama, hakuna kurudi.

Mlango wa kontena unatumia akili hiyohiyo. Utingo anavuta mpini mrefu, gia inazunguka jino moja baada ya jingine, na mnyororo au skrubu inakaza mlango kwenye bodi. Kila jino linapopita, ulimi unaanguka na kulishikilia: tik. Akichoka anaweza kupumzika, mlango hautalegea. Ndivyo mtu mmoja mwembamba kama baba alivyoweza kuubana mlango unaosukumwa kwa ndani na tani kadhaa za taka zilizolowa mvua.

Kufunga si tatizo. Hatari iko kwenye kufungua. Ulimi ukiwa umebeba mzigo hautoki kirahisi. Inabidi uuvute mpini kidogo ili kuupunguzia ulimi uzito, ndipo uunyanyue. Mara tu unaponyanyuka, uzito wote uliokuwa kwenye ulimi unahamia kwenye mpini, yaani kwenye mikono yako. Ukizidiwa, mpini unarudi kwa kasi na nguvu ya ule mzigo wote. Kinachokutana nao, kiwe mkono, taya au jicho, kinaumia.

Sasa rudi kwa watoto wangu watatu. Mmoja ananing'inia kwenye mpini, wa pili anaongeza uzito, wa tatu anachokonoa ulimi. Bila kufundishwa na mtu, walikuwa wanafuata hatua zote za kufungua kontena lililojaa.

Baba aliumia mwaka 2008, mimi nikiwa darasa la sita. Meno ya racheti ya lori lao yalikuwa yamelika. Walishamwambia bosi mara kadhaa, wakajibiwa kwamba spea zinakuja. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, taka zilikuwa nzito, foleni ya malori dampo ilikuwa ndefu, na dereva alikuwa anapiga honi. Baba alivuta mpini, akanyanyua ulimi, ulimi ukateleza ukarudi kwenye jino lililolika, na kidole chake kilikuwa katikati.

Pingili mbili za kidole cha shahada, mkono wa kulia.

Utingo mwenzake alifanya alichodhani ni sahihi. Alikiokota kile kipande, akanunua barafu kwa mama mmoja, akakitumbukiza humohumo kwenye barafu, wakaenda nacho hospitali. Daktari alikitazama na kutikisa kichwa. Kilikuwa kimepondeka, na barafu ilikuwa imekiharibu zaidi.

Leo, kama mwandishi wa habari za afya, nimeshawauliza madaktari suala hili mara nyingi kuliko hata habari yenyewe ilivyohitaji. Jibu ni moja: kiungo kilichokatika husuuzwa taratibu kwa maji safi, hufungwa kwenye kitambaa safi chenye unyevu, huwekwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo ndio unaowekwa kwenye barafu. Nyama isigusane na barafu, na isilowekwe kwenye maji. Kabla ya yote hayo, jeraha la mgonjwa hukandamizwa kwa kitambaa safi na mkono huinuliwa juu ili damu isimame. Mtu kwanza, kidole baadaye.

Sisemi kidole cha baba kingeshonwa. Kilipondeka, na huduma hiyo haipatikani kila hospitali. Lakini yule rafiki yake alijilaumu kwa miaka mingi, na hakustahili.

Kuna jambo jingine sijawahi kuliandika popote.

Mwaka ule, miezi michache kabla ya ajali, shuleni tulipewa fomu ya kujaza taarifa za mzazi. Kwenye nafasi ya "kazi ya mzazi" niliandika "dereva". Wenzangu baba zao walikuwa walimu, wafanyabiashara, mmoja askari. Sikuwa na ujasiri wa kuandika utingo wa gari la taka. Lori lao likipita karibu na shule nilikuwa nainama najifanya nafunga kamba za viatu.

Fomu ilitakiwa isainiwe na mzazi. Baba aliisoma taratibu, kalamu mkononi. Akasaini. Akanirudishia na kusema maneno machache tu: "Dereva ana leseni, mwanangu. Mimi sina." Akaenda kuoga. Hakulitaja tena.

Baada ya ajali alikaa nyumbani wiki tano. Hakulipwa fidia, na hakuna mtu wa kampuni aliyekuja kumjulia hali. Tuliishi kwa vitumbua vya mama. Kidonda kilipopona alirudi kazini, kwenye lori lilelile, akivuta mpini uleule kwa mkono wenye vidole vinne na kisiki. Alifanya hivyo mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Siku ya mahafali yangu ya chuo kikuu alivaa suti ya kuazima. Nilipomvisha joho langu tupige picha, alinyoosha mkono wake wa kulia mbele ya kamera akacheka: "Mimi nilipoteza shahada moja dampo. Wewe umeniletea nyingine." Watu wote walicheka. Mimi nilikwenda chooni kulia.

Jumamosi ile ya mwanangu, nilimpigia baba simu. Sasa amestaafu, anafuga kuku. Nilitaka aje anisaidie kumtisha mjukuu wake. Nilitaka amuonyeshe kisiki cha kidole na kumwambia, unaona? Ndivyo nilivyolelewa mimi na wengi wetu: mtoto anatishwa, basi.

Baba alikuja na baiskeli yake. Aliwaita watoto wote wa mtaa, na yule mwenye kijiti akiwemo. Akaigeuza baiskeli miguu juu, akawaambia waizungushe pedali mbele, kisha nyuma, wasikilize. Akawaeleza ulimi na meno. Aliwauliza: "Ulimi huu umeshika nini?" Wakajibu, gurudumu. "Na ule wa kontena umeshika nini?" Wakatazamana. Yule mkubwa akasema taratibu: "Taka zote za mtaa, babu."

"Basi," baba akasema. "Sasa ukiutoa, nani atazishika?"

Hapo ndipo alipowaonyesha kidole. Hakukunja uso. Aliwaacha wakiguse. Mwanangu alikishika muda mrefu, kisha akauliza kama kinauma. Baba akamwambia kinauma wakati wa baridi tu. Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza swali hilo.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Kwa racheti ya kontena, mzazi mwenzangu, sikubaliani nao. Lakini nimejifunza pia kwamba katazo tupu halidumu. Mtoto anayejua kwa nini chombo kinalia tik-tik hana haja ya kwenda kukichokonoa kujua.

Naomba nikuachie machache, kwa kuwa makontena haya yako karibu na nyumba zetu, masoko yetu na shule za watoto wetu.

Usimtume mtoto mdogo kutupa taka kwenye kontena kubwa. Ukuta ni mrefu kuliko yeye, hivyo atapanda, na akipanda ataanguka ndani au atashika mpini. Kama lazima aende, aweke taka chini ya uangalizi wa mtu mzima.

Ukiona mlango umelegea, mnyororo umechakaa au mpini unaning'inia, toa taarifa kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Usijaribu kuukaza wala kuufungua mwenyewe. Lori likiwa linapakia au kumwaga, watoto wasisimame nyuma yake. Baba anasema kanuni ya kwanza waliyofundishana wao kwa wao ni kutosimama mbele ya mlango unaoufungua, simama pembeni.

Mtoto akijikata au kuchomwa na kitu kwenye taka, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ya penta ambayo watoto wetu hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14 ina kinga ya pepopunda na homa ya ini aina ya B, lakini kinga ya pepopunda hupungua kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo nenda na kadi ya kliniki ili mhudumu aone kama anahitaji kuongezewa. Dalili za pepopunda kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia, hivyo usiseme "mbona jana alikuwa mzima". Na kama kilichomchoma ni sindano, usisubiri kabisa. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 72.

La mwisho ni kwa sisi tunaozalisha hizo taka. Chupa iliyovunjika, wembe, sindano ya mgonjwa wa kisukari: usivitupe kwenye mfuko pamoja na maganda ya ndizi. Weka kwenye kopo gumu lenye kifuniko. Kuna mtu atakayeubeba mfuko huo kwa mikono yake, na huenda glavu alizonazo ni zile alizojinunulia mwenyewe.

Wiki iliyopita mwanangu alirudi na fomu ya shule. Siku hizi nao wanaulizwa habari za familia. Mwalimu aliwataka wataje mtu wanayempenda na kazi yake. Aliniomba nimsaidie herufi za neno moja tu, mengine ameandika mwenyewe, kwa mwandiko uliopinda.

Ameandika: "Babu yangu. Utingo wa gari la taka. Anajua racheti."

Nilimsaidia neno "racheti". Kisha nikasaini, nikaipiga picha ile fomu, nikamtumia baba.