Kamina na Rangi Zake

Msafiri ashukaye katika stesheni ya Kamina kwa mara ya kwanza huona reli kabla ya kuuona mji. Njia tatu zakutana hapo. Moja yatoka Lubumbashi kwa kupitia Tenke na Bukama. Ya pili yaelekea Kananga na Ilebo, nayo ilifunguliwa mwaka 1928. Ya tatu yakwenda Kabalo, ikamalizika mwaka 1956. Reli ndiyo iliyoukuza mji huu, na tangu mwaka 2015 Kamina ndio mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami.

Hayo vitabu vya jiografia vyayasema. Sisi tunaojifunza kazi ya rangi na ya kupiga chapa twapenda kumwonyesha msomaji jambo jingine: Kamina ni mji unaobadili rangi. Mwezi wa Julai nyasi ni kavu, moto umepita maporini, nchi imebaki nyeusi kwa masizi, na moshi hulifanya jua la jioni liwe kama kaa la moto. Mwezi wa Septemba, kabla ya tone moja la mvua kuanguka, miti ya miombo hutoa majani mapya, nayo si ya kijani bali ni mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Mgeni hudhani yananyauka. Kisha mvua hunyesha, na baada ya majuma machache kila kitu ni kijani, isipokuwa njia, ambazo wekundu wake hupanda mpaka kwenye pindo za nguo.

Lugha nayo ina siri zake. Kiswahili kina maneno matatu tu ya rangi yanayofuata ngeli kama sifa nyingine: -eupe, -eusi na -ekundu. Mengine mengi yameazimwa kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa majivu, kahawia kwa kahawa, manjano kwa kile kiungo cha mchuzi, zambarau kwa tunda. Waluba, wenyeji wa nchi hii, nao walizipa rangi hizo tatu heshima kubwa. Udongo mweupe, yaani pemba, na unga mwekundu wa mti, yaani nkula, vilikuwa na mahali pake katika mambo ya wafalme.

Hata habari yao ya asili ni habari ya rangi. Wazee husimulia juu ya Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mkali na katili, ambaye jina lake ndilo la upinde wa mvua. Boma lake lilikuwa Mwibele, karibu na ziwa Boya, upande wa Kabongo. Ndipo akafika kutoka mashariki mwindaji wa ukoo wa kifalme, Mbidi Kiluwe, mwenye adabu hata hakutaka kuonekana akila. Mwanawe, Kalala Ilunga, ndiye aliyemshinda Nkongolo. Na huyo Mbidi alikuwaje? Alikuwa mweusi wa kung'aa, na weusi huo ndio uliokuwa uzuri wake. Twamwomba msomaji ayashike maneno hayo, weusi wa kung'aa, maana tutayahitaji.

Kujifunza tulikwenda Lubumbashi, safari ya kama kilomita 600 kwa reli. Jambo la kwanza tulilofundishwa lilitushangaza. Mtoto wa shule husema kwamba rangi za msingi ni nyekundu, buluu na manjano. Lakini mpiga chapa hana nyekundu wala buluu katika makopo yake. Anayo samawati, anayo majenta, ambayo ni wekundu unaoelekea zambarau, anayo manjano, na mwisho nyeusi. Sababu ni hii: karatasi nyeupe huurudisha mwanga wote, na wino hauongezi mwanga bali huula. Samawati hula wekundu uliomo katika mwanga, majenta hula ukijani, manjano hula ubuluu. Ukipiga manjano juu ya majenta, kinachobaki cha kurudi machoni ni wekundu. Ukizipiga zote tatu ungetazamia weusi, lakini hupata kitu kama tope, kwa kuwa hakuna wino ulio safi kabisa. Ndiyo maana ya kopo la nne. Kuigawa picha katika mabamba matatu ya rangi ni ufundi wa zamani: Jacob Christoph Le Blon alipewa London hati ya kuulinda ufundi huo mwaka 1719.

Jambo la pili ni nukta. Mtambo wa chapa haujui kupaka wino mzito hapa na mwepesi pale. Huweka wino, au hauweki. Basi ili kupata wepesi, picha yote hukatwa kuwa nukta, ndogo penye mwanga, kubwa penye kivuli, na jicho huzichanganya kwa mbali. Chukua kioo cha kukuzia, ulitazame shavu la mtu katika gazeti lolote. Hutaona shavu, utaona kundi la siafu.

Tulipoliona jambo hilo tulikumbuka michoro ya mji ule ule. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji huko Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wala hakutaka wanafunzi wake waige michoro ya Ulaya. Pilipili Mulongoy alijaza vidoa nyuma ya ndege na samaki wake. Bela alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga mwili wa mtu kwa mistari mifupi, mmoja kando ya mwenziwe, kama ukindu katika mkeka. Hawakuwa wapiga chapa, lakini walijua kuliachia jicho la mtazamaji sehemu yake ya kazi.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuuma. Ukifunua magazeti ya miaka ya 1950 na 1960 ambayo wazee wetu waliyahifadhi masandukuni, utaona mara nyingi nyuso za Waafrika zimetoka kama kipande cha mkaa chenye macho na meno. Twafikiri wengi waliziona wakadhani ndivyo picha zilivyo. Sivyo. Nukta ya wino ikianguka juu ya karatasi hafifu hutanuka, kama tone la chai juu ya kitambaa. Penye mwanga si neno. Penye giza nukta zilikwisha karibiana. Zikitanuka huungana, na paji la uso, shavu na kidevu huwa kitu kimoja. Na kama mpiga picha aliupima mwanga kwa shela ya bibi arusi, pindo za shela huonekana zote na bibi arusi mwenyewe hupotea.

Rangi zilipoingia, mambo hayakuwa bora. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilipeleka kwenye maabara za picha kadi ya kupimia, yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Mafundi waliiita Shirley. Sura yake ikitoka vema, basi mtambo umepimwa sawasawa. Ngozi yetu haikuwamo katika kipimo. Filamu zilirekebishwa baadaye, na wenye kuichunguza habari hiyo wameandika kwamba miongoni mwa waliosukuma marekebisho ni wafanya biashara ya chokoleti na ya samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazipambanuki pichani. Chokoleti ilisikilizwa upesi kuliko watu!

Ngozi nyeusi haifanywi kwa wino mweusi. Ukizipima rangi zake utakuta majenta na manjano kwa wingi, samawati kwa kiasi, na weusi kidogo tu, wa kushika mboni, nywele na kivuli cha shingo. Na juu ya paji na kwenye mfupa wa shavu yafaa karatasi iachwe ivute pumzi, maana ngozi ya namna hii huurudisha mwanga kwa nguvu. Wazee waliomsimulia Mbidi Kiluwe walikuwa wameyaona hayo. Mpiga chapa amwagaye wino mweusi hubakiza weusi, na kung'aa amekufuta.

Tuliporudi Kamina tuliombwa kutengeneza kalenda ya familia moja: babu aliyefanya kazi katika reli, mkewe ambaye sote twamwita Nkambo, na wajukuu saba mbele ya nyumba. Tuliupunguza wino mweusi, tukazifanya nukta za nyuso kuwa ndogo zaidi ili zikitanuka zisiungane, tukapeleka kazi Lubumbashi. Nakala zilipofika, Nkambo aliitazama moja kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani akarudi na picha ya arusi yao, iliyokatwa zamani katika gazeti. Shela yaonekana kila nyuzi; juu yake, nyuso mbili za masizi.

“Wajukuu zangu,” alisema, “hii niliwaonyesha watoto wangu wote, na kila mmoja aliniuliza yule bibi arusi ni nani.”

“Na katika hii, Nkambo?”

“Katika hii hawataniuliza.”

Kalenda haikutundikwa barazani. Jua la Kamina hula kwanza manjano na majenta, likaacha samawati na weusi. Kwa hiyo matangazo ya zamani kandokando ya njia yana watu wenye nyuso za buluu. Babu alipiga msumari katika ukuta wa ndani, mbali na dirisha, akaitundika hapo.