Shahidi na Mgeni Arusini

Kifungilo ni mahali pa baridi, juu katika milima ya Usambara ya Magharibi, wilayani Lushoto. Wengi walijuao jina hilo leo hulijua kwa ajili ya shule ya sekondari ya wasichana ya Mtakatifu Maria, ambayo sifa yake imeenea nchi nzima. Lakini kabla ya sifa hiyo palikuwa na kazi nyingine, isiyotajwa sana katika hotuba za mahafali. Masista wa Damu Azizi, ambao shirika lao lilianzishwa Mariannhill, Afrika ya Kusini, mwaka 1885, waliwalea hapo watoto ambao lugha ya siku zile iliwaita machotara: mama Mwafrika na baba, mara nyingi, Mzungu. Baadhi yao walikuwa yatima kweli. Wengine wazazi wao walikuwa hai, ila haikuwako ndoa baina yao, wala mtu wa kumwambia baba, "Huyu ni wako." Yeyote atakaye kufikiri juu ya ndoa ya Kikristo katika milima hii hana budi kuanza na watoto hao, maana hao ndio waliolipa deni la ndoa zisizofungwa.

Injili na shamba la mlowezi vilipanda Usambara karibu wakati mmoja. Mwaka 1891 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, Johanssen na Wohlrab, walijenga makao yao Mlalo. Baada yao Watrapisti wa Mariannhill wakaja Gare. Katika miaka ile ile walowezi walikuwa wakifyeka msitu wapate kupanda kahawa, na baadaye mkonge ukatapakaa katika nchi tambarare iliyo chini ya milima. Msambaa mwenye wake wawili aliyetaka ubatizo alikuta sharti mlangoni: abaki na mmoja. Sharti hilo halikuwa la Walutheri peke yao. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1888 walikataa kumbatiza mwenye wake wengi, na ilipita miaka 100 kamili, hata 1988, ndipo mkutano wa Lambeth ukakubali abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake, maadamu aahidi kutoongeza mwingine. Mke aliyeachwa kwa sharti la zamani alirudi kwao hali hakukosa neno. Mlowezi, kwa upande wake, alikuwa amekwisha batizwa utotoni katika nchi yake. Hakuwako mlango wa kumsimamisha.

Maria Nhambu, mmoja wa watoto wa Kifungilo, ameandika habari za maisha yake katika kitabu kiitwacho Africa's Child, kilichotoka mwaka 2016. Alikua bila kuwajua wazazi wake. Katika upweke huo alijibunia rafiki asiyeonekana, akampa jina la Fat Mary, akawa ndiye wa kumsimulia mambo na wa kumfariji. Baadaye mwalimu kutoka Marekani alimchukua awe binti yake, akaenda naye Minnesota. Kitabu hicho hakikuandikwa kufundisha watu ndoa, lakini yamkini hakuna mahubiri ya ndoa yaliyo makali kuliko habari ya mtoto aliyelazimika kujiumbia shahidi wake mwenyewe.

Shahidi ndilo neno lenyewe. Ndoa ya Kisambaa ya zamani ilikuwa na mashahidi hata kupita kiasi. Mshenga alikwenda na kurudi; mahari ilipokewa ikagawanywa, na kila aliyekula fungu lake alikuwa na sababu ya kukimbilia mahali penye ugomvi, kwa kuwa ndoa ikivunjika aliweza kudaiwa alichokula. Mke alipewa shamba lake la kulima, na mtoto alijua nyumba ya mama yake na jina la baba yake. Isidhaniwe kuwa hiyo ilikuwa pepo. Msichana hakuulizwa sana, na shahidi aliyekula mbuzi huweza kumrudisha mwanamke kwenye fimbo ili mbuzi asidaiwe. Hapo Injili ilikuwa na neno la kusema, nayo ililisema vema: ndoa ni hiari ya wawili. Lakini wahubiri wengi, walipokuwa wakiikataa fimbo, walimtupa na shahidi pamoja nayo. Walimfundisha Mkristo mpya kuwa na mke mmoja. Hawakumwonyesha sawasawa ni nani atakayekuja usiku mke huyo mmoja akilia.

Katika jambo hili Biblia iko pamoja na wazee wa Usambara. Boazi alipotaka kumwoa Ruthu, maneno yaliyosemwa usiku uwanjani pa kupuria hayakumtosha. Kulipokucha alikwenda langoni pa mji, akawaketisha wazee kumi, akatoa neno lake mbele yao, nao wakakubali kuwa mashahidi. Ruthu alikuwa mjane, maskini, Mmoabu asiye na jamaa pale. Mtu wa tabia nyingine angaliweza kumchukua kimya kimya na kumwacha kimya kimya, kama walivyoachwa mama wengi chini ya milima hii. Nabii Malaki amekwenda mbele zaidi: amemweka Mungu mwenyewe kuwa shahidi baina ya mtu na mke wa ujana wake.

Makanisa mawili makubwa ya Lushoto yaligombana sana juu ya ndoa huko Ulaya. Luther alisema ni jambo la dunia, na mwaka 1529 akaandika kijitabu cha kuwaongoza wachungaji katika kuifungisha. Roma ikashika kuwa ni sakramenti. Hata hivyo pande zote mbili zilichukia ndoa za siri. Mtaguso wa Trento uliamuru mwaka 1563 kwamba ndoa ifungwe mbele ya padre na mashahidi wawili au watatu, kwa sababu wanaume walikuwa wakiahidi faraghani, kisha wakikana na kuoa mwingine hadharani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 nayo yataka mashahidi wawili, na yasema kuwa ndoa ni halali hata kama desturi ya mahari haikutimizwa. Zaidi ya hayo, mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili bila ya kufunga ndoa waweza kudhaniwa na mahakama kuwa mume na mke, ila kwa sharti kwamba watu wamewajua hivyo. Jirani ahesabiwa kuwa shahidi hata mahali ambapo hapakuwa na arusi.

Arusi za siku hizi zina watu wengi kuliko zile za zamani. Kamati huundwa, kadi za michango hupelekwa, ukumbi hukodiwa, na mshereheshaji, ambaye wenye ulimi wa mzaha humwita msema-chochote, hupewa usiku mzima. Ukarimu huo si wa kudharauliwa. Ni mkono wa ujamaa wa zamani uliovaa saa mpya. Lakini aliyelipa kadi ni mgeni. Amekula, amecheza, amepigwa picha, deni lake limekwisha. Asikiapo baada ya mwaka kwamba wawili wale wamegombana, husikia kama asikiaye matokeo ya mpira. Hata wasimamizi wa ndoa, ambao makanisa mengi hutaka wawe mume na mke waliofunga ndoa kanisani, mara nyingine huchaguliwa kwa uzuri wa gari lao.

Hasara iliyo kubwa imewaangukia wasiokuwa na kamati. Wako wakulima wengi waliokaa pamoja miaka kumi au ishirini, wakazaa na kusomesha, wasiende madhabahuni kwa kuona haya ya kufunga ndoa bila ya karamu. Na kwa kuwa hawakufunga ndoa, wamezuiwa katika meza ya Bwana. Sharti la kanisa ni mashahidi wawili, nalo halina bei. Karamu imejitia sharti la pili, nayo haimo katika Maandiko wala katika Sheria ya 1971. Wachungaji na mapadre kadhaa wamefanya jambo jema: huwakusanya watu hao na kuwafungisha ndoa siku moja, jozi nyingi kwa pamoja, katika ibada ya kawaida. Bibi arusi mwingine huja akiwa na mjukuu mgongoni. Anayesimama kando yao kutia sahihi ni jirani wa mpaka wa shamba, ambaye kwa miaka yote hiyo alikuwa akisikia kila neno lililosemwa nyumbani mwao.