Kuelekezana Mahali pa Kupigia Picha



Wapenzi wa picha miongoni mwetu huulizana: mtu akijua mahali penye mandhari ya kupendeza, awaambie wenziwe au anyamaze? Hifadhi ya Yosemite, katika jimbo la California, Marekani, yatufunza pande zote mbili.

Kwanza ni Tunnel View, kwenye mlango wa handaki la barabara lililofunguliwa mwaka 1933. Hapo bonde zima huonekana kwa mtazamo mmoja: jabali la El Capitan kushoto, maporomoko ya Bridalveil kulia, na Half Dome kwa mbali. Pana maegesho ya magari na ukuta wa mawe. Wageni husimama juu ya lami, hawakanyagi mimea. Kumficha mwenzio mahali kama hapo ni uchoyo.

Pili ni Horsetail, maporomoko membamba yashukayo El Capitan. Katika nusu ya pili ya Februari, mbingu ikiwa safi na maji yakiwapo, jua la machweo huyamulika yakang'aa kama moto. Habari zilienea, siku moja ya Februari 2019 walifika watu zaidi ya 2,000, wakafurika kingo za mto, wakaponda mimea na kumomonyoa udongo. Misimu iliyofuata, baadhi ya sehemu zilifungwa.

Basi na tuambizane, lakini anayemwelekeza mwenziwe njia amweleze pia pa kusimama na pasipokanyagwa. Na tukishapiga picha zetu, tumpishe aliye nyuma. Naye katoka mbali kama sisi.