Pikipiki Kubwa na Mwenyewe

Wengi huniuliza kwa nini mwalimu mstaafu wa Shinyanga awe na pikipiki kubwa ya safari, hali bodaboda ziko kila njia panda. Yafaa niwajibu.

Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa Honda CG 125. Aina hiyo ilitoka mwaka 1976, nao walioibuni waliwafikiria watu walio mbali na mafundi: injini yake ni rahisi kufahamika, tena humvumilia mwenye kuchelewa kuitengeneza. Pikipiki nyingi za Kichina tuzionazo leo zimefuata mfano wake. Ilipoanguka, niliinyanyua nikaendelea na safari.

Hii ya sasa yapita kilo 200. Katika lami ya Tinde mpaka Kahama hutulia kama ng'ombe aliyeshiba, wala upepo wa malori hauitikisi. Nikienda Geita kwa njia ya Mwanza, zamani nilivuka kwa kivuko toka Kigongo hata Busisi, nikiishika usukani muda wote isianguke. Tangu Juni 2025 twapita juu ya daraja, kilomita 3 za maji kuume na kushoto. Hizo ndizo raha zake.

Taabu yake i katika mbuga zetu. Udongo mweusi ukinyeshewa hunata katika gurudumu, ukajaa chini ya madigadi, hata gurudumu likakataa kuzunguka. Hapo chombo huanguka, na mpita njia huenda asipatikane mpaka jioni. Kwa hiyo nilijiwekea sharti: nisiyoweza kuiinua peke yangu, nisiipande.

Kila mwanzo wa mwezi huilaza juu ya majani. Hufunga bomba la petroli. Ikilala upande wa kuume, huutoa kwanza mguu wake wa kuegemea, isije ikapita wima ikaanguka upande wa pili. Kisha huigeuzia mgongo, nikachuchumaa, mkono mmoja katika usukani, wa pili katika chuma cha nyuma, nikaisukuma kwa nguvu za miguu, nikirudi nyuma hatua ndogo ndogo. Nimejiruhusu kujaribu mara tatu, basi.

Nimetimiza miaka 67. Mwezi uliopita iliinuka mara ya tatu. Mwanangu alitazama toka kivulini, asisaidie, kwa kuwa nilimkataza. Akasema, "Baba, iuze ungali na nguvu za kuhesabu fedha." Nikamjibu, "Siku itakayokataa mara tatu, funguo ni zako, uiuze wewe." Akanyamaza, maana ajua sitalivunja neno hilo.

Ndugu msomaji, ukienda kununua chombo cha namna hii, usiulize kwanza mwendo wake. Omba kilazwe chini, ukiinue. Muuzaji atashangaa, mwache ashangae.