Cheche ya Kitale si Cheche ya Bungoma

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, ndugu wasomaji. Nataka tuzungumzie kile kisanduku cheusi kinachowasha pikipiki, ambacho mafundi wote wanakiita CDI.

Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya 250cc, na bodaboda zikajaa kila njia panda, Kitale mpaka Bungoma. Kisanduku kikifa, riziki ya siku inasimama. Ndiyo maana wapo mafundi wa jua kali wanaojiundia chao. Binamu yangu wa Kitale ni mmoja wao. Vipuri vingi anavitoa kwenye televisheni mbovu.

Sakiti yenyewe si uchawi. Koili ya magneti inatoa umeme wa volti 200 hivi. Dayodi inaupitisha upande mmoja tu, nao unajaa kwenye kapasita ya mikrofaradi 1. Sumaku ikipita kwenye koili ndogo ya ishara, thairista inafunguka, na kapasita inamwaga kila kitu kwenye koili ya plagi. Hiyo ni transfoma yenye mizunguko kama mara 100 upande wa pili, kwa hiyo volti 200 zinakaribia 20,000. Nishati yote ni milijuli 20 tu, lakini petroli inawaka.

Sasa njoo kwenye kupima. Fundi anachomoa plagi, anailaza juu ya chuma cha injini, anakanyaga kiki. Cheche ikionekana, anasema "moto uko" na mteja analipa.

Hapo ndipo tunapodanganyana. Usawa wa bahari, hewa inahitaji kama kilovolti 3 kwa kila milimita ili cheche iruke. Mwanya wa plagi hauzidi sana milimita 0.7, kwa hiyo hata sakiti dhaifu itarusha cheche nje. Ndani ya silinda hewa imebanwa mpaka karibu sehemu moja ya tisa ya ujazo wake. Mwanya ni uleule, lakini volti zinazohitajika ni mara kadhaa.

Na mahali pia pana neno. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, Bungoma kama 1,400. Hewa ya Bungoma ni nzito zaidi kwa asilimia 5 hivi. Ni kidogo, lakini kisanduku kilichoponea chupuchupu Kitale kitaanza kukohoa Bungoma, tena pikipiki ikiwa na mzigo na mafuta yamefunguliwa yote. Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu: "kwangu inafanya kazi." Tofauti ni kwamba abiria wa bodaboda saa nane usiku mara nyingi ni mama anayekimbizwa kujifungua.

Kwa hiyo ukiunda chako, pima hivi. Tengeneza mwanya wa milimita 6 kati ya ncha mbili za mviringo, si za sindano. Cheche isiporuka hapo kila mara, rudi mezani. Ukiwa Kitale, ongeza mwanya kidogo. Usiiache koili bila mahali pa kurushia cheche, maana volti zitapanda mpaka zitoboe insulesheni ya ndani. Weka rezista ya megaohmu 1 sambamba na kapasita, ili chaji iishe ndani ya sekunde tano baada ya injini kuzimwa. Peleka petroli mbali, na usijaribu kabisa kuchaji sakiti hii kwa stima ya nyumbani.

Binamu yangu sasa ana mwanya wake, misumari miwili kwenye kipande cha mbao, vichwa vikitazamana. Umemgharimu shilingi chache tu. Visanduku vinavyofeli hapo haviendi kwa mteja, viwe vya dukani au vya mkono wake.

Haya basi, kazi kwenu.