Kenyenya: Nchi ya Vilima na Mizani ya Urithi

Juma hili twawapeleka mbali na bahari, hadi Kenyenya, mji mdogo wa kusini mwa Kaunti ya Kisii, upande unaoelekea Transmara. Ni makao ya Abamachoge, mojawapo ya koo kubwa za Wakisii, nao huiita nchi yao Bomachoge.

Huku hakuna minazi. Ni kilima baada ya kilima, na vijito vya mabondeni huteremkia Mto Gucha, uishiao katika Ziwa Victoria. Mvua ni nyingi. Migomba, mahindi, miwa na chai husitawi. Kina mama hupanda mgagani, waitao chinsaga, na ugali wa wimbi huandaliwa katika ekee, kikapu kilichosukwa kwa ustadi. Wao husema omwana, amache, enyomba. Sisi husema mwana, maji, nyumba. Upande wa magharibi yako machimbo ya Tabaka, yatokako mawe laini ya vinyago tuvionavyo madukani Mombasa. Katika mji wa Kisii, Wanubi, wazao wa askari wa enzi ya ukoloni, ni miongoni mwa Waislamu wa kale wa huko.

Atazamaye miteremko huona mashamba membamba yashukayo kutoka kilimani hadi kijitoni, ili kila mrithi apate mahali pa nyumba na njia ya maji. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti nzima, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Kila kizazi kigawapo, kipande huzidi kuwa chembamba.

Kwa mila, mgao huo ulikuwa wa wana wa kiume. Binti alitarajiwa kulima kwa mumewe. Aliyeachwa au asiyeolewa alirudi kwao bila pa kupanda hata mgagani. Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi huo, ila sheria huandikwa upesi kuliko mioyo ibadilikavyo.

Tusiwanyoshee kidole. Sisi tuna Suratun-Nisaa, iliyomwekea binti fungu lake, mali iwe chache au nyingi. Hata hivyo, ni dada wangapi wa pwani walioambiwa wanyamaze kuhusu shamba la minazi, ati wasivunje udugu? Udugu huvunjwa na anyimaye haki, si aidaiye.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu majumbani mwetu. Amin.